Mtoto anataka samaki mkali? Pima tangi kwanza

Jumatatu iliyopita niliamka nikakuta ujumbe mrefu kwenye simu, umeandikwa saa nane usiku. Ni wa baba mmoja wa Ukonga, msomaji wa ukurasa huu wa siku nyingi. Nimemwomba ruhusa niufupishe, amekubali.

Anasema binti yake wa miaka tisa alifanya vizuri shuleni, akaahidiwa zawadi, naye akachagua tangi la samaki wa mapambo. Wakanunua tangi la urefu wa sentimita 60 na gapi kumi na nne, wale wadogo wenye mikia ya rangi rangi. Mambo yakaenda vizuri. Miezi minne iliyopita wakarudi dukani kununua chakula, binti akaona samaki wawili weusi wenye michirizi ya rangi ya chungwa, wenye macho makubwa, wanaofuata kidole cha mtu kwenye kioo. Wanaitwa oska.

"Watakaa na gapi hawa?" baba akauliza.

"Watakaa tu bosi, hawa bado wadogo."

Walikuwa na urefu wa kidole gumba. Leo wana urefu wa kiganja, gapi waliobaki ni watatu, na binti ameona kwa macho yake mkia wa gapi ukining'inia mdomoni mwa oska. Amelia sana. Anasema samaki hao ni wabaya, hataki kuwaona wala kuwalisha. Mama yake anashauri wakatupwe Mto Msimbazi. Baba anauliza mambo mawili: awafanyeje hao oska, na je, hakuna samaki mwindaji anayeweza kukaa kwenye tangi kama lake, maana binti bado anapenda samaki "wenye akili"?

Ndugu yangu, nianze na la kukupa nafuu: yaliyokupata yamewapata wazazi wengi, mimi nikiwa mmojawao, nitaeleza. Na yule muuzaji hakukudanganya kwa neno. Siku ile walikuwa wadogo kweli. Tatizo ni kwamba samaki wa mapambo karibu wote huuzwa wakiwa watoto, na sisi tunanunua kwa kuangalia kilichopo mbele ya macho. Ungeletewa mtoto wa ng'ombe sebuleni ungeuliza atakuwa mkubwa kiasi gani. Kwa samaki hatuulizi.

Oska ni samaki wa Amerika ya Kusini, kwenye maji ya Amazon. Akilishwa vizuri huongezeka kama sentimita mbili kila mwezi katika mwaka wake wa kwanza, na akiwa mtu mzima anafika sentimita 30 na zaidi kidogo. Anaweza kuishi miaka kumi hadi kumi na tano. Yaani binti yako wa miaka tisa angeweza kumaliza chuo oska yule yule akiwa bado anaomba chakula kila asubuhi.

Sasa chukua rula. Tangi lako lina urefu wa sentimita 60, na kwa kawaida matangi hayo yana upana wa sentimita 30. Samaki wa sentimita 30 ndani ya upana wa sentimita 30 hawezi kugeuka bila kujikunja. Hapo hatujamhesabu mwenzake.

Kuhusu gapi, kanuni ya samaki wala nyama ni moja: kinachoingia mdomoni ni chakula. Haijalishi wamekua pamoja, haijalishi ameshiba. Anayemla mwenzake usiku ndiye yule yule aliyekuwa akipishana naye mchana kwa miezi miwili, ila mdomo wake ulikuwa haujafika. Ndiyo maana watu husema "walikuwa wanaelewana vizuri tu, sijui kimetokea nini." Hakuna kilichotokea. Mdomo umekua.

Kosa langu mimi lilikuwa kubwa kuliko la msomaji. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka saba nilimnunulia arowana, samaki mrefu wa rangi ya fedha anayeogelea juu juu ya maji kama upanga. Alikuwa na sentimita 12. Tangi letu lilikuwa la mita moja, nikaona ni kubwa mno kwake. Sikuuliza mtu. Mwaka haujaisha alikuwa amepita sentimita 40, anagonga pua kona hii, anageuka kwa shida, anagonga kona ile. Arowana wa fedha anafika karibu mita moja, na kwao porini huruka nje ya maji kukamata wadudu kwenye matawi. Mfuniko wetu ulikuwa kipande cha mbao nyepesi tu. Asubuhi moja mwanangu alikwenda kumsalimia kabla ya gari la shule, akamkuta sakafuni, amekauka upande mmoja. Alikwenda shule akiwa kimya. Jioni aliniuliza, "Baba, ulijua atakuwa mkubwa?" Nikamjibu ukweli kwamba sikujua kwa sababu sikuuliza. Jibu hilo lilinitoka kwa shida kuliko fedha za tangi.

Tangu hapo, kabla ya samaki yeyote kuingia nyumbani kwetu, tunafanya hesabu mezani, na watoto wanaipenda. Pima urefu, upana na kimo cha tangi kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 1,000. Unapata lita. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54, na ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 45. Tangi la 120 kwa 50 kwa 50 ni lita 300. Kumbuka pia kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 300 ni kilo 300 za maji kabla hujahesabu kioo na mchanga, kwa hiyo halikai juu ya kabati la televisheni, hasa kwenye nyumba yenye mtoto anayejifunza kusimama kwa kujishika.

Kisha uliza ukubwa wa samaki akiwa mtu mzima, usiulize wa leo. Kipimo changu cha nyumbani ni hiki: urefu wa tangi uwe angalau mara nne ya urefu wa samaki akikomaa, na upana usipungue mara moja na nusu. Si sheria ya maabara, ila inazuia makosa makubwa. Oska wa sentimita 30 anataka tangi la mita 1.2 lenye upana wa sentimita 45 hadi 50, awe peke yake. Wawili wanataka kubwa zaidi.

Upana na lita zina sababu nyingine zaidi ya nafasi ya kugeuka. Samaki mla nyama anakula protini nyingi na anachafua maji sana. Kinyesi chake na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Kwenye tangi lililotulia kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji la mashine ya kuchuja, ndio wanaoibadilisha amonia kuwa kitu chenye madhara kidogo. Tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi sita bakteria hao kutosha, na tangi dogo lenye samaki mkubwa halitoshi hata wakiwepo. Kwa hiyo unapoona maji yana ukungu na samaki anahema juu juu, usikimbilie dawa. Badilisha sehemu ya maji kwanza. Na sponji usilioshe bombani, klorini inaua wale bakteria. Lisuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji mapya ya bomba weka dawa ya kuondoa klorini, zinauzwa madukani.

Hapo ndipo mzazi apime na mgongo wake pia. Kubadilisha theluthi moja ya maji ya tangi la lita 300 kila wiki ni ndoo tano za lita 20 za kuingiza na tano za kutoa. Mtoto wa miaka tisa habebi hizo. Utabeba wewe, Jumamosi, wakati wenzako wanaangalia mpira.

Turudi kwenye swali la pili, la mwindaji anayefaa tangi dogo. Yupo, tena wa kwetu.

Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, jamii moja na sato na perege, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kuna watu Ujerumani na Marekani wanawafuga sebuleni kwa heshima kubwa, huku sisi tukinunua wa Amazon. Miongoni mwao kuna vijisamaki vinavyoishi ndani ya maganda matupu ya konokono chini ya ziwa. Wafugaji duniani wanatumia majina ya kitaalamu, na ukitaka kumwagiza muuzaji yaandike hivi: Lamprologus ocellatus na Neolamprologus multifasciatus. Huyo wa pili ni kati ya sikilidi wadogo kabisa duniani, dume anafika sentimita nne au tano tu.

Udogo huo usikudanganye. Huyu ocellatus ni mwindaji wa vidudu vya majini, ana uso wa hasira, na ukiingiza mkono kusafisha kioo anakuja kukuuma kidole. Anachagua ganda lake, analifukia mchangani mpaka mdomo wa ganda tu ubaki wazi, na akishtuka anatumbukia ndani kama aliyevutwa na kamba. Jike anataga ndani ya ganda, na siku moja mtoto wako ataona vijisamaki vya ukubwa wa kichwa cha kiberiti vikichungulia. Kwenye tangi la sentimita 60 unaweza kuweka jozi moja ya ocellatus au kundi dogo la multifasciatus, si wote pamoja. Weka mchanga laini wa kina cha sentimita tano, na maganda mengi kuliko samaki. Maganda matupu ya konokono wa shambani yanafaa, ila yachemshe kwanza. Maji yao yawe magumu, yenye chokaa, maana ndivyo ziwa lilivyo. Kipande cha jiwe la chokaa ndani ya tangi kinasaidia. Dar joto linawatosha. Wazazi wa Mbeya, Njombe na Nairobi mtahitaji hita, wanapenda nyuzi 24 hadi 27.

Ukiona hao ni wa kutafuta sana, beta anapatikana kirahisi, yule mwenye mapezi marefu anayeuzwa kwenye kichupa. Naye ni mla wadudu. Lita 20 zenye mfuniko zinamtosha, akiwa peke yake. Usimweke na gapi wako watatu waliobaki, mikia yao mirefu inamchokoza. Na tafadhali asibaki kwenye kile kichupa.

Mwenye tangi la mita moja, la lita 150 hivi, kuna mwingine wa Tanganyika ninayempenda kuliko wote: Altolamprologus calvus. Mwili wake umebanwa kama sarafu iliyosimama, ana vidoa vyeupe kama nyota, na anawinda kwa kupenya kwenye nyufa za mawe kuwafuata kamba wadogo na vifaranga vya samaki wengine. Anafika sentimita 13 au 14, na anakua polepole sana, kwa hiyo anakupa muda. Hana haraka na kitu chochote. Mtoto asiye na subira atasema anachosha. Mwenye subira atakaa naye saa nzima.

Kuanzia hapo kwenda juu ni matangi ya kujengea nyumba. Ziwa Nyasa lina samaki anayelala ubavu mchangani akijifanya amekufa, akiwa na madoa kama ya mzoga uliooza. Vidagaa vinakuja kudonoa, naye anavidaka. Jina lake la kitaalamu ni Nimbochromis livingstonii, na upande wa Malawi wanamwita kaligono. Nani asingemtaka huyo sebuleni? Lakini anapita sentimita 20, ni mgomvi, na anataka tangi la mita moja na nusu au zaidi. Frontosa wa Tanganyika, mwenye nundu kichwani na mistari kama pundamilia, anafika sentimita 30 na anapenda kuishi kundini, basi fikiria lita 500 na kuendelea.

Kuna wengine wasinunuliwe kabisa hata wakiwa wa kidole na bei nzuri. Arowana nimeshamsema. Kambale mwenye mkia mwekundu wa Amazon anapita mita moja. Yule anayeuzwa kwa jina la papa wa maji baridi si papa, ni jamii ya kambale wa Mto Mekong, naye anapita mita. Sangara wote tunamjua. Kuhe wa Kigoma ni kati ya sikilidi wakubwa kabisa duniani, anapita sentimita 60, na mahali pake ni ziwani au kwenye sahani yenye ugali.

Chakula kiwe cha punje za samaki wala nyama, kamba, na nyungunyungu wa bustani isiyopulizwa dawa. Kuwarushia samaki hai ili watoto waone "mechi" sikushauri. Hao samaki wa kulisha mara nyingi huleta magonjwa, na mchezo wenyewe unamfundisha mtoto kushangilia kitu kisichohitaji kushangiliwa. Mpe samaki mkubwa chakula mara moja kwa siku, na siku moja kwa wiki asile kitu.

Umeme ukikatika, tangi lililojaa samaki wakubwa ndilo la kwanza kuishiwa hewa. Pampu ndogo ya betri ni rahisi kuliko kununua samaki upya. Ukiwa huna, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, mara kwa mara. Watoto wanaweza kupokezana.

Sasa hao oska wawili. Leo hii watenganishe na gapi, hata kama ni gapi kukaa kwenye ndoo safi yenye pampu ya hewa kwa siku kadhaa. Oska wabaki kwenye tangi, uwapunguzie chakula, na ubadilishe robo ya maji kila baada ya siku mbili. Halafu zungumza na pale ulipowanunua. Maduka mengi hukubali samaki mkubwa mwenye afya kwa kubadilishana na kitu kingine, hata kama si kwa bei uliyotoa. Wakikataa, tafuta mwenye tangi kubwa: mfugaji mwenzako, hoteli, mgahawa. Tangaza kwenye kundi lenu la mtaa. Nenda ukalione tangi kabla hujawakabidhi, na nenda na binti.

Msimbazi, hapana. Namwelewa mama, amechoka kuona mtoto analia. Lakini samaki wa kigeni hatupwi mtoni, bwawani wala ziwani. Florida kule Marekani oska walioachwa hivyo wameshakuwa wenyeji wa mifereji. Na sisi tunalijua zaidi, kwa sababu sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na mamia ya aina za furu, samaki wadogo waliokuwa humo tu, wamepotea au wamebaki wachache sana. Huyo aliletwa kwa makusudi, na mwisho wake ndio huo.

Kuhusu binti, usimwambie gapi wamelala wala wameenda kwa bibi yao. Ameona mkia. Mwambie oska si mbaya, ana njaa na ana mdomo, na kwamba ni wewe uliyewaweka pamoja. Hilo la mwisho lisikuponyoke. Mtoto akisikia baba amekosea na anarekebisha, hasira yake kwa samaki inapungua yenyewe, nimeliona kwangu. Kisha mpe rula na kalamu, apime tangi, apige hesabu, aandike ukubwa wa kila samaki anayemtaka. Mwanangu aliandika orodha ya kumi na moja. Tisa alizikata mwenyewe.

Aliyebaki ni ocellatus. Tunao jozi, tangi liko kwenye kona ya sebule, na wiki iliyopita jike aliziba mdomo wa ganda lake kwa mchanga. Kijana, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu na mambo mengi hayamshughulishi, ameniambia nisiguse kioo mpaka aone kuna nini humo ndani.